Mfalme Kapinduliwa, Mama Pasi Hatoki

"Hivi mfalme akishapinduliwa, siku ile ya kwanza analala wapi?"

Swali hilo aliliuliza Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, asubuhi moja alipokuwa akianika nguo za wanawe. Aliuliza kwa uzito wote, vibanio vya nguo mdomoni, kama mtu aliyelala na jambo hilo likamkosesha usingizi. Upande wa pili wa ukuta Mama Pasi alikuwa akipepea makaa. Hakuinua hata uso.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Yuko jikoni kwangu anakunywa chai."

Na kweli alikuwepo. Mfalme mzima, taji kichwani, joho jekundu kalikunja mapajani lisiguse majivu, amekaa kwenye kigoda anachovya mkate. Mama Pacha alikuja mbio kuchungulia dirishani, na alipomwona akacheka mpaka vibanio vikamdondoka. Mfalme akamwinamia kidogo, kwa heshima, na chai ikamwagikia ndevu. Ndevu zenyewe zilikuwa za kubandika.

Kufika hapo, mpaka wafalme wanakunywa chai jikoni kwa mjane, mambo yalianza mbali.

Mama Pasi alikuwa akipiga pasi nguo za watu tangu ujana wake, na jina alilopewa na wazazi mtaa ulishalisahau. Pasi yake ilikuwa ya makaa, nzito, ya kumchosha mtu mkono kabla hajamaliza shati la kwanza. Yeye alianza na kola, akaenda mikononi, akamalizia mgongo, na wakati wote huo midomo yake ilikuwa ikitembea taratibu. Wateja walidhani anahesabu nguo. Alikuwa anasali.

Nyumba aliyokaa haikuwa kama nyumba nyingine za pale. Zamani ilikuwa ghala la chumvi. Kuta zake zilikuwa nene kiasi cha mtu kulala dirishani akajigeuza, milango ilikuwa ya matao, na katikati palikuwa na chumba kikubwa chenye ngazi ya mbao ya kupanda vyumba vya juu. Yeye na marehemu mumewe, fundi mwashi, waliinunua wakati chumvi ilikuwa bado inatoka ukutani kama jasho na watu wakiwacheka. Mume alikwangua na kupiga lipu. Mke alibeba mchanga kichwani, akateka maji, na jioni akawasha pasi yake ili kesho yake pawe na saruji. Walihamia kabla madirisha hayajapata milango. Humo walimlea binti yao, naye akaolewa mbali.

Kisha mume akafariki. Hata viti vya kuazima vilikuwa havijarudishwa kwa wenyewe, mdogo wa marehemu akaonekana anatembea chumba hadi chumba, hatua ndefu ndefu, midomo ikihesabu. Huyo hakuwa anasali. Alikuwa dalali wa nyumba. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaonyesha watu vyumba vya wengine, na naona mazoea hayo yalimwingia damuni. Alitangaza kwamba nyumba ni ya ukoo, kwamba kaka yake alikuwa ameishika tu, na kwamba shemeji yake anakaa humo kwa hisani. Mtu pekee aliyeweza kukata neno hilo katika familia alikuwa Shangazi, dada wa baba yao, mkongwe aliyebaki peke yake katika kizazi chake. Shangazi aliishi mbali, miguu ilikuwa inamsumbua, na alikuwa bado hajaja.

Dalali alingoja. Lakini alingoja huku mikono inafanya kazi.

Siku aliyowaleta watu wa sinema, aliingia nao bila kubisha hodi. Walizungusha macho, wakagonga kuta, wakapiga makofi kusikiliza sauti inavyorudi. Mwongozaji wao, dada mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza na kofia isiyovuliwa, alisema hii ndiyo ngome aliyoitafuta nchi nzima. Dalali akavimba kama aliyeijenga kwa mikono yake. Kisha akamvuta Mama Pasi pembeni na kumwambia kwa sauti ya asali akusanye vitu vyake, aende kukaa na mke wa Dalali apumzike kidogo, mpaka hawa wageni wamalize.

Mama Pasi alimtazama. Alikuwa na tabia hiyo ya kumtazama mtu mpaka mtu mwenyewe aanze kujikuna. Juzi yake tu Mama Pacha alikuwa amemnong'oneza kwamba amemsikia Dalali njiani akiwaahidi watu fulani vyumba vya juu, watu wenye makabati yao na vitanda vyao, wanaongoja tu kuambiwa njooni. Akitoka na begi leo, kesho atarudi kama mgeni, na keshokutwa hatarudi kabisa.

"Mimi sijachoka," alimjibu. "Wakitaka kucheza, wacheze. Mimi nina nguo za watu."

Akawaachia chumba kikubwa na vyumba vya juu, akahamishia kitanda chake kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko, na meza ya pasi akaiweka mlangoni pa stoo ili amwone kila aingiaye na atokaye. Dalali hakubishana. Alikwenda kumwambia mwongozaji kwamba shemeji yake tangu afiwe kichwa hakijatulia, wamvumilie siku mbili tatu, ataondoka.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Palikuwa na mfalme wa zamani zile za ngome na mapanga, mvivu wa kupindukia, ambaye hakuwahi kufunga kamba ya kiatu chake mwenyewe. Mtunza hazina wake anampindua siku akiwa anaoga, anatupwa nje ya lango na povu masikioni. Siku chache baadaye anarudi ndani ya jumba lake kama mchota maji, na hakuna hata mmoja anayemtambua, maana miaka yote ile watu walikuwa wanalitazama taji, uso hawakuuona. Basi anawamwagia maji watu waliokuwa wakimpepea, anapigwa mateke na mpishi wake, anafagia chini ya kiti chake mwenyewe huku mwingine amekikalia.

Mama Pasi alisimuliwa hayo na Mfalme mwenyewe, ambaye tangu siku ya kwanza alifuata harufu ya chai. Mwanzoni aliona ni upuuzi mtupu, watu wazima kubandika ndevu. Aliomba Mungu amwepushe na kicheko cha bure. Lakini alipofika pale pa kufagia chini ya kiti, aliitua pasi kwenye kigae chake, akauliza: "Na yeye anakubali?"

"Anakubali mpaka katikati," Mfalme alisema. "Akikubali mpaka mwisho watu watadai viingilio vyao."

Siku ya kwanza ya kupiga picha walianza na tukio gumu kuliko yote, la mtunza hazina kuingia jumbani juu ya farasi. Farasi aliazimwa asubuhi ile tu, jioni alikuwa na safari ya mbali. Wakapuliza moshi, wakawapanga askari na mikuki ya mti iliyopakwa rangi ya chuma, na watu wote wa jumbani wakainama. Farasi akatokeza kwenye tao la mlango, mwanamapinduzi juu yake amenyoosha upanga, ngoma zinapigwa.

Wakati huohuo Mama Pasi akatoka stoo na rundo la mashati mkononi. Mteja wake alikuwa anayangoja, na njia ya kwenda kwa mteja ilikuwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele ulikuwa wake. Alikatiza katikati ya wale walioinama, akafika mbele ya farasi, akamwambia farasi, "Ngoja kwanza." Farasi akarudi nyuma hatua moja. Mwanamapinduzi akashika shingo ya mnyama asianguke. Mama Pasi akapita chini ya pua yake, mashati hayakupata hata kunyanzi, akatoka nje bila kutazama kulia wala kushoto.

Mwongozaji alikuwa amesahau kusema "kata". Mpiga picha hakuambiwa aache, hakuacha.

Aliporudi kutoka kwa mteja, alikuta wamekusanyika kwenye kioo kidogo wanajitazama, wengine wamekaa chini wanashika mbavu, mwongozaji anapangusa machozi kwa kofia, siku pekee aliyoivua. Dalali peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa ndimu. Alikuwa anashauri wamkate yule mama, wamtoe.

"Nikimkata yeye nimemkata farasi," mwongozaji alisema. "Na farasi ameshaondoka."

Kisha akamgeukia Mama Pasi na kumweleza taratibu, maana ndiyo sheria ya kazi yao: kilichoonekana mwanzo lazima kiendelee kuonekana. Mshumaa ukiwaka leo, kesho uwe unawaka. Mama akipita leo, watazamaji watamtafuta kesho. Ameshaingia, hawezi tena kutoka mpaka sinema iishe, na avae vilevile alivyovaa, gauni lilelile la kijivu na kitambaa kilekile cheupe kichwani, ambavyo kwa bahati vilikuwa vya enzi zote.

"Nisitoke?" Mama Pasi aliuliza, akitaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

"Nakuomba Bi Mkubwa, usitoke."

Alimtazama Dalali kwanza, ndipo akajibu kwamba kwa hilo hawatagombana.

Aliwawekea masharti yake. Hatasema uongo hata wa kuigiza, kwa hiyo wasimpe maneno. Hatashika kikombe cha pombe hata kama ndani ni maji ya ndimu. Na saa ya sala ikifika ataondoka, hata wawe wanamkata mtu kichwa. Mwongozaji aliyakubali yote. Ikawa kila jumba likichafuka, mapanga yakigongana, watu wakikimbizana juu chini, yule mama anapita katikati na nguo zake zilizokunjwa, anaenda zake.

Dalali naye hakukubali kuachwa nyuma. Alisumbua mpaka akapewa uwaziri. Walimvisha joho la kijani na kofia ndefu yenye unyoya, na kazi yake ilikuwa moja tu, kumwinamia aliyekalia kiti. Neno hakupewa hata moja. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, akainama kupita mawaziri wenzake mpaka unyoya ukafagia sakafu. Na picha ikisimama, anajipeleka kwa kila mgeni, mkono umetangulizwa: "Karibu, mimi ndiye mwenye nyumba." Mama Pasi aliyasikia hayo akiwa mezani pake. Alikuwa akikandamiza kola kidogo zaidi ya ilivyohitaji, basi.

Ikafika siku ya kupiga magoti. Mtunza hazina amekalia kiti, anaamuru jumba zima limpigie magoti. Askari chini, wapishi chini, mawaziri chini, Dalali karibu alale kifudifudi. Mama Pasi alisimama palepale na mashuka yake. Mwongozaji alimfuata akamnong'oneza kwamba ni mchezo tu, sekunde chache.

"Mwanangu, magoti yangu yana Mmoja yanayempigia," alisema. "Na huyu mtunza hazina namjua. Asubuhi alikuja kwangu kuomba chumvi."

Dalali akanyanyua kichwa kutoka sakafuni kuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Hakuna aliyemsikiliza. Mwongozaji alitafuna kalamu, akatafuna, halafu akawaambia waendelee hivyohivyo. Basi mtunza hazina akaamuru tena kwa sauti kubwa zaidi, akamtuma askari amsukume mama bega, askari akasukuma, mama hakuondoka. Akaamuru mara nyingine, sauti ikamkatika. Mwisho akapunga mkono kwa uchovu, akasema, "Haya, kaa ulivyo." Na kule nyuma mchota maji, ndoo kichwani, alikuwa anamtazama yule mama kwa mdomo wazi. Hapo ndipo mfalme anapoacha kukubali.

Usiku ule, katika stoo, Mama Pasi aliomba msamaha kama alijisifu moyoni. Kisha akaona hakujisifu sana, akalala.

Dalali hakulala. Siku iliyofuata alituma gari dogo likamlete Shangazi. Alitaka aje siku ya tukio la mwisho, amkute amevaa joho, watu wanamwita mwenye nyumba, watu wa sinema wanamwomba ruhusa ya hiki na kile. Baada ya picha wangekaa chini na Shangazi angekata neno. Alimpitia Mama Pasi mezani pake, akamwambia aandae tu mizigo, leo leo mambo yanakwisha.

"Mizigo yangu iko inapokaa," Mama Pasi alisema, na akageuza shati.

Alisema hivyo, lakini mkono ulikuwa baridi juu ya pasi ya moto. Alimjua Shangazi. Hakuwa mbaya, ila alikuwa mtu wa damu yake. Wajukuu na wapwa aliwatetea hata wakiwa wamekosa, na mke wa mtu, hata akae miaka mingapi, kwake alikuwa wa kuja. Shangazi akisema nyumba ni ya ukoo, hata Mama Pacha atanyamaza. Binti angelazimika kuacha watoto wake aje kugombana na baba yake mdogo. Na yeye mwenyewe angekwenda wapi na pasi ya makaa?

Shangazi alifika, akateremshwa, akatembezwa kwa fimbo, na kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine kizuri akakalishwa kwenye kiti cha enzi. Kilimfaa. Aliuliza huyu mwenye ndevu ni mtoto wa nani, akaambiwa ni mfalme, akasema mbona ana ndevu za mbuzi. Halafu akasinzia kidogo.

Tukio la mwisho lilikuwa la ngazi. Mfalme anatupa ndoo, anapanda ngazi kurudi kwenye kiti chake, ambacho walikusudia kukipandisha juu baadaye, na askari wote wanamfuata mbio. Mwongozaji, mguu wake mmoja juu ya kipandio cha kwanza, aliuliza kama mbao hizi zinaweza kubeba watu wote hao kwa pamoja. Mama Pasi akasema hapana, hapo watu hupanda mmoja mmoja, tangu zamani. Lakini Dalali alikuwa ameshafika katikati.

"Msimsikilize shemeji, anaogopa hata kivuli," alisema, akaipiga ngazi kofi. "Mwenye nyumba ni mimi, na mimi nasema hii ni chuma. Pandeni."

Wakapanda. Mfalme mbele na mwili wake wote ule, askari nyuma na mikuki yao. Walifika nusu. Ngazi ikalia kama mlango wa zamani, kisha mlio mwingine, mfupi, na kipandio kikafunguka. Mfalme akazama mpaka pajani. Askari wakarudi nyuma kwa pamoja, wakamsukuma mwenye taa, taa kubwa ikaanguka sakafuni ikapasuka vipande. Taji lilivingirika ngazi nzima, likavuka chumba, likasimama miguuni pa Shangazi, ambaye aliamka na kuliokota.

Mfalme aliguna, halafu akapiga yowe ambalo halikuwa la mchezo.

Mwongozaji alikuja mbio. Aliwaambia watu wamshike mgonjwa, wasimvute, akamtuma mtu zahanati. Kisha akageuka, na sauti yake ya kukwaruza ikawa ndogo, mbaya.

"Mwenye nyumba," aliita. "Njoo hapa. Nilikuuliza mbele ya watu, ukasema pandeni. Huyu mtu akiwa amevunjika, atakayesimama kujibu ni mwenye nyumba. Na taa pia. Unanisikia?"

Chumba kizima kiligeuka kumtazama waziri. Unyoya wa kofia ulikuwa unatetemeka.

"Mwenye nyumba mimi?" alisema Dalali. "Nani kasema? Mimi hapa mpita njia tu." Akanyoosha kidole. "Mwenye nyumba huyo hapo, shemeji. Kajenga yeye na kaka yangu, wao wawili, mchanga kabeba mwenyewe kichwani, mtaa mzima unajua. Mimi sina hata tofali langu humu. Muulizeni yeye."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Yalikuwa kweli tupu, na pengine ndiyo kweli ya kwanza aliyoisema tangu msiba.

Mama Pasi alisimama mlangoni pa stoo. Aliona mtego pande zote mbili. Akinyamaza, nyumba inabaki haina mwenyewe na kesho Dalali ataiokota tena. Akiitika, anaitikia na mguu ule, na yowe lile, na lolote litakalosemwa na mkubwa yeyote kesho. Hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Aliita jina la Mungu wake kimoyomoyo, mara moja tu, akapiga moyo konde.

"Ni kweli," alisema. "Nyumba yangu. Na ngazi yangu. Na mguu ulioumia kwenye ngazi yangu nitaujibu mimi, sitamtafuta mtu wa kumsukumia."

Akaitua pasi, akavuka chumba kwa mwendo wake uleule wa kila siku, akapanda peke yake mpaka alipokwama Mfalme. Akawaambia askari waung'oe ubao wa pembeni, si kumvuta mtu. Walimtii, mikuki chini. Wakamtoa, wakamlaza kwenye mashuka ya mteja, mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, naye Mama Pasi hakuyasikitikia.

Muuguzi alikuja, akabonyeza, akakunja, akanyoosha. Mfalme alilia pale pa kulia na akanyamaza pale pa kunyamaza. Mwisho muuguzi akasema mfupa ni mzima, ni nyama tu na ngozi, atachechemea kwa muda.

"Basi nirudishieni taji," Mfalme alisema akiwa chali. "Nimepinduliwa na watu, nimepinduliwa na ngazi, kilichobaki ni kupinduliwa na kitanda."

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi. Mwongozaji akakaa chini. Akamwambia Mama Pasi kwamba kampuni itaitengeneza ngazi na itagharamia taa, kwamba alisema vile kwa hofu, na kwamba kuanzia sasa mapatano yote ya nyumba hii atayafanya na yeye mwenyewe, siyo na mwingine. Siku ya kumaliza tukio la mwisho aichague yeye.

Damu ikamrudi Dalali usoni. Alisogea, akicheka meno nje, akaweka mkono begani kwa mwongozaji kama rafiki wa utotoni. Akasema hayo ya mapatano wasimchoshe mama, watayamaliza wao wawili. Yale ya mwanzo yasitiliwe maanani.

"Nilikuwa naigiza," alisema.

"Wewe?" Mwongozaji aliutoa ule mkono begani. "Wewe sikukupa hata neno moja la kuigiza."

Kicheko kilichotoka hapo Mama Pacha alikisikia kwake, akaja kujua kulikoni. Dalali akamgeukia Shangazi, mikono wazi, akaanza kumweleza mambo ya sinema yalivyo, watu husema wasiyoyakusudia. Shangazi bado alikuwa kwenye kiti cha enzi, taji mapajani, anapapasa vito vyake vya chupa kwa kidole.

"Niliitwa nije kusikiliza," alisema. "Nimesikiliza. Umesema huna tofali. Na mimi niliyezaliwa tumbo moja na baba yako sina. Sasa unataka nikate neno gani?" Akamtazama Mama Pasi kwa muda. "Mke wa marehemu, nipe chai."

"Chai ipo, Shangazi," Mama Pasi alisema. "Nikimaliza moja."

Alimwendea Dalali. Alikuwa mfupi kwake, ikabidi ainue kidevu. Hakupaza sauti, hakutukana, na hakumwonea huruma.

"Shemeji, siku ya msiba ulichukua ufunguo wa mlango wa mbele ukasema ni wa dharura. Nipe." Akanyoosha kiganja, kigumu, chenye alama za moto za miaka. "Ukija kunisalimia, utabisha hodi kama watu wote na nitakufungulia, maana wewe ni damu ya mume wangu. Ukija kupima vyumba, utaishia nje. Na wale wenye makabati, kawaambie vyumba vya juu vina mtu."

Dalali alitazama huku, akatazama huku. Askari walikuwa wanasikiliza, mawaziri wenzake wanasikiliza, Mama Pacha ameshika kiuno mlangoni. Mfalme alijiinua kwa kiwiko ili aone vizuri. Kiganja kilikuwa bado pale. Dalali akaingiza mkono chini ya joho, akatafuta kwa shida mfukoni mwa suruali, akatoa ufunguo na kuuweka juu ya kile kiganja.

Mwongozaji alikumbuka kitu, akafungua mdomo amwambie avue nguo za watu. Kisha akaufunga.

Mama Pacha akampisha. Dalali akapita chini ya tao na joho lake la kijani na kofia yake ya unyoya, akashika barabara mchana kweupe.